Mji Uliogeuza Uso Mara Tatu

Kutoka Kinshasa kwenda juu, Mto Kongo ni njia ya maji ya kilomita zipatazo 1,700 isiyokatwa na poromoko hata moja. Kuna mafungu ya mchanga yanayohamahama, kuna mikondo ya kumpoteza nahodha mgeni, lakini chombo kinapita. Kisha, ghafla, hakipiti tena. Yanaanza maporomoko saba yanayofuatana kwa urefu wa kilomita kama 100, mpaka Ubundu, na hakuna aliyewahi kupandisha meli juu yake. Anayefika hapo, awe na mtumbwi wa pembe za ndovu au tishali la saruji, hana budi kupakua.

Na mahali pa kupakua hapakai tupu. Mwenye mzigo anahitaji wapagazi, na wapagazi wanahitaji chakula. Mzigo ukichelewa unahitaji ghala, ghala linahitaji mlinzi, na mwenye mali anayesubiri wiki tatu anahitaji mtu wa kumkopesha. Akija wa pili mwenye mzigo kama huo, anawakuta wote hao wamekwisha kuwepo, kwa hiyo gharama yake ni ndogo kuliko ya aliyemtangulia. Wa tatu hata hafikirii kutua kwingine. Hiyo ndiyo sababu ya Kisangani kuwepo pale ilipo. Lakini mji huu unanivutia kwa jambo jingine: maporomoko hayajasogea hata hatua moja, ilhali utajiri uliojengwa juu yake umehama, umerudi, na umeelekea pande tofauti kabisa.

Kabla ya wageni wote walikuwepo Wagenia. Walisimika magogo kwenye miamba katikati ya maji yanayochemka, wakaning'iniza mitego ya vikapu vikubwa, na wanafanya hivyo hadi leo. Samaki walibadilishwa kwa mihogo na ndizi za watu wa msituni. Tena Wagenia ndio waliojua kupitisha mitumbwi pale ambapo mwingine angezama, na ujuzi huo uliwapa kazi chini ya kila mtawala aliyefuata. Soko lilikuwepo, dogo, na lilitosheleza waliolitumia.

Henry Morton Stanley alipita hapo Januari 1877 akishuka mto, baada ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kumsindikiza sehemu ya njia kutoka Nyangwe, juu zaidi ya mto. Mara nyingi husimuliwa kana kwamba msafiri huyo aliufungua mto na wengine wakaingia. Ukweli ni kwamba wafanyabiashara Waswahili na Waarabu wa Manyema walikuwa wameshafika Nyangwe na Kasongo miaka mingi kabla yake, wakifuata pembe za ndovu, na safari ya Stanley iliwaonyesha tu kwamba kuna pembe nyingi zaidi chini ya mto. Aliporudi mwaka 1883 kutoka upande wa magharibi, safari hii kwa ajili ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliwakuta wamekwisha kumtangulia. Desemba mwaka huo alianzisha kituo kwenye kisiwa karibu na maporomoko, akamwacha fundi mmoja Mskoti na askari wachache, akaondoka.

Kuanzia hapo mahali pale pakawa na mabwana wawili. Kwa Leopold, maporomoko yalikuwa mwisho wa njia inayotoka Atlantiki. Kwa Tippu Tip yalikuwa mwisho wa njia inayotoka Bahari ya Hindi: Zanzibar, Bagamoyo, Tabora, Ujiji, Kasongo, kisha mto. Agosti 1886 watu wa Manyema walikishambulia kituo, na watu wa Leopold wakakimbia. Leopold hakuwa na jeshi la kukirudisha, kwa hiyo alifanya alilofanya mara nyingi, akanunua. Februari 1887, mjini Zanzibar, Tippu Tip aliweka sahihi kuwa wali, yaani gavana, wa Stanley Falls, kama mahali pale palivyoitwa, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Kwa mtu mwenye ghala la pembe kama lake, pauni 30 zilikuwa karibu na mzaha. Alichokipata ni muda, na njia ya pili ya kuuzia mali yake.

Hapo ndipo pa kutazama kwa makini, maana ndipo tunapoona jinsi njia inavyoamua nani ale nini. Pembe iliyokwenda Zanzibar ilibebwa mabegani kwa miezi mingi, na mabega mengi yalikuwa ya mateka. Kila kituo cha msafara kilikata sehemu yake: Wamanyema waliolima mpunga wa kulisha misafara, Wanyamwezi waliobeba mizigo kwa ujira, matajiri wa Kihindi wa Zanzibar waliokopesha mtaji kwa riba, na Sultani aliyetoza ushuru. Mapato ya pembe moja yalisambaa kwenye mstari mrefu wa watu, ingawa kwa dhuluma kubwa: aliyetekwa hakupata chochote, na kijiji kilichochomwa kilipoteza vyote.

Pembe iliyokwenda magharibi ilipanda meli ya mvuke. Joseph Conrad, akiwa bado baharia na si mwandishi, aliondoka Kinshasa tarehe 3 Agosti 1890 katika chombo kilichoitwa Roi des Belges, akafika Stanley Falls tarehe 1 Septemba. Siku 29 kwenda juu, bila wapagazi. Kilichobaki kuwa kigumu ni sehemu ya chini, kati ya Kinshasa na Matadi, ambako mto una maporomoko mengine, na huko reli ilikamilika mwaka 1898. Kufikia wakati huo njia ya Zanzibar ilikuwa imeshakufa kwa bunduki pia: Tippu Tip aliondoka mwaka 1890 na hakurudi tena, vita vya 1892 hadi 1894 viliwashinda wenzake, na mpwa wake Rashid aliyeachiwa uwali alipoteza maporomoko mwaka 1893. Antwerp ikawa soko kuu la pembe barani Ulaya. Ujiji na Tabora zikaanza kusinzia.

Huko ndiko kugeuka kwa kwanza. Mji ulikuwa umetazama mashariki, sasa ukatazama magharibi. Mzigo haukubadilika, maporomoko hayakubadilika. Gharama ya kubeba kilo moja ndiyo iliyobadilika, na kwa sababu hiyo maelfu ya watu kwenye njia ya zamani walipoteza riziki bila kufanya kosa lolote.

Waswahili hawakuondoka wote, na waliacha kitu chenye faida kuliko pembe: mpunga. Zao hilo liliota vizuri kando ya mto, na mpaka leo mchele wa Tshopo, mkoa ulipo mji huu, ni chakula cha mji na mali ya kuuza Kinshasa. Walileta pia lugha hii tunayoiandika, ndiyo maana Kisangani ni mahali ambapo Kiswahili kinachotoka mashariki kinakutana na Kilingala kinachopanda na mto, na mchuuzi wa sokoni anavuka kutoka moja kwenda nyingine kulingana na sura ya mteja.

Ili kuyazunguka maporomoko, kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, iliyoanzishwa mwaka 1902 na kudhibitiwa na Baroni Empain, ilijenga njia ya kilomita 125 kutoka ng'ambo ya kushoto, inayoitwa leo Lubunga, hadi Ponthierville, ndiyo Ubundu. Ilifunguliwa mwaka 1906. Kutoka Ubundu meli nyingine ilikwenda hadi Kindu, kisha reli tena, na kufikia 1915 treni ilikuwa Albertville, Kalemie ya leo, kwenye Ziwa Tanganyika. Kwenye ramani ni kitu cha kujivunia. Kwa vitendo, mzigo ulipakuliwa na kupakiwa tena mara nyingi njiani, na kila mara mtu alilipwa, kitu kilivunjika, na kingine kikapotea. Kisangani, iliyoitwa wakati huo Stanleyville, ilinenepa kwa kazi hiyohiyo ya kupakua.

Wachumi wana maelezo mazuri kuhusu miji ya aina hii. Alfred Marshall, mwaka 1890, alieleza kwa nini viwanda vya namna moja hukaa pamoja: mafundi wanapatikana, wauza vifaa wako karibu, na siri za kazi hazikai siri muda mrefu. Paul Krugman, katika makala ya mwaka 1991 iliyochangia kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 2008, alionyesha kwamba mvutano kati ya faida ya kuzalisha kwa wingi mahali pamoja na gharama ya usafiri unaweza kuifanya sehemu moja ivute kila kitu na jirani yake ibaki shamba tu. Na mwaka 2012 Hoyt Bleakley na Jeffrey Lin walichunguza miji ya Marekani iliyoanzia kwenye maporomoko, kama Richmond na Augusta, ambako zamani mitumbwi ilipakuliwa. Hakuna anayepakua mtumbwi huko tena, lakini miji ipo na imejaa watu. Sababu ya mwanzo imekufa. Watu wamebaki kwa sababu watu wengine wapo.

Ningependa sana maelezo hayo yatoshe kwa Kisangani. Hayatoshi. Richmond ilipopoteza kazi ya kupakua ilikuwa na reli, barabara, benki na mahakama zinazosikilizwa. Mkusanyiko wa watu hudumu pale tu ambapo nyuzi zinazouunganisha na kwingine zinabaki nzima, hata kama ni nyuzi mpya. Kisangani nyuzi zake zilikatwa moja baada ya nyingine, nyingine kwa makusudi.

Lakini kwanza miaka ya neema, kama neema ndilo neno lake. Serikali ya kikoloni iliulazimisha mkoa mzima kulima. Kuanzia 1917 pamba na mpunga vilikuwa mazao ya lazima katika sehemu nyingi za Mkoa wa Orientale, kwa bei iliyopangwa na mnunuzi. Mashamba ya michikichi ya Unilever yalikuwa Lokutu, kushuka mto. Kahawa aina ya robusta na mpira vilitoka pande zote za msitu. Vyote vilifika bandarini Stanleyville, navyo vikaleta mabenki, maduka ya Wagiriki, Wareno na Wahindi, karakana za meli, viwanda vya bia na sabuni, na katika miaka ya 1950 bwawa la umeme kwenye Mto Tshopo ndani ya mji wenyewe. Mfanyakazi wa mjini alipata mshahara ambao mkulima wa vijijini, Opala au Isangi, hakuuota.

Tofauti hiyo haikutokana na uvivu wa mkulima. Bei ya mpunga iliwekwa bandarini, na kila kilomita kutoka bandarini ilikatwa kwenye mfuko wake, si kwenye mfuko wa mnunuzi. Aliyekaa kilomita 20 alipata kitu. Aliyekaa 200 alipata chumvi na kitambaa. Tena kule mbali alifika mnunuzi mmoja tu, na mnunuzi mmoja hana haja ya kubembeleza. Ramani ya umaskini wa Tshopo ya wakati ule ungeweza kuichora kwa kutazama barabara peke yake.

Kilomita kama 100 chini ya mji, Yangambi, Wabelgiji walianzisha mwaka 1933 taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, iliyokuwa miongoni mwa kubwa kabisa katika nchi za joto. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walieleza huko jinsi mchikichi unavyorithi unene wa kifuu, na jinsi ya kuzalisha kwa uhakika aina ya tenera, yenye mafuta mengi. Mashamba ya michikichi ya dunia ya leo yamesimama juu ya ugunduzi huo. Marshall alisema ujuzi huelea hewani mahali watu wa kazi moja wanapokaa. Huu ulielea mbali kweli, ukatua Malaysia na Indonesia, ambako palikuwa na bandari, barabara na amani. Mkulima wa Yangambi bado anakamua chikichi za porini.

Kisha ikaja siasa. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa baadaye, alikuwa karani wa posta katika mji huu, na hapa ndipo jina lake lilipopata nguvu. Ghasia za Oktoba 1959 zilitokea hapa. Baada ya yeye kuondolewa madarakani, Antoine Gizenga alitangaza serikali yake hapa Desemba 1960. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliuteka mji, na tarehe 24 Novemba makomandoo wa Ubelgiji walishuka kutoka ndege za Marekani. Mwaka 1966 na 1967 yakafuata maasi ya wanajeshi wa Katanga na mamluki. Katika miaka minane, mji mkuu wa biashara ya mashariki ulipigwa mara nne. Wenye maduka walianza kuweka fedha zao kwingine, na hilo halikuonekana mara moja.

Pigo kubwa zaidi, naamini, halikuwa la bunduki. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba, maduka na biashara za wageni zitakuwa za Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo. Nia ilisikika vyema. Waliokabidhiwa, hata hivyo, wengi walikuwa watu wa chama na jamaa za wakubwa, na wengine wao waliuza bidhaa zilizokuwa rafuni, wakafunga mlango. Mgiriki aliyeondoka hakuondoka na duka peke yake. Aliondoka na mkopo aliokuwa akimpa mkulima kabla ya mavuno, na lori lililofika Opala, na jina lake lililoaminiwa na muuzaji wa Antwerp. Vitu hivyo havikabidhiwi kwa hati. Serikali ilipoanza kurudisha mali miaka michache baadaye, wengi hawakurudi, na barabara za vijijini zilikuwa zimeanza kumezwa na msitu.

Ajabu ni kwamba miaka hiyohiyo kilijengwa kiwanda cha nguo cha Sotexki, kilichofuma na kuchapa vitenge kwa kutumia pamba ya Uele, upande wa kaskazini. Ulikuwa mfano safi wa kitabuni: pamba iko karibu, umeme wa Tshopo upo, wafanyakazi wapo, soko liko kwenye mto. Lakini pamba ya Uele ilihitaji malori na reli nyembamba ya Aketi, na vyote viwili vikafa taratibu. Kiwanda kikajikuta kimezungukwa na utupu.

Mtaalamu wa anthropolojia Janet MacGaffey, aliyefanya utafiti mjini mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuchapisha kitabu mwaka 1987, aliona jambo ambalo takwimu za serikali hazikuliona. Kundi la wafanyabiashara wenyeji lilikuwa likichipuka bila msaada wa wakubwa, wanawake wakiwemo, na miongoni mwao Wanande kutoka Butembo na Beni, walioleta maharagwe na mboga za Kivu na kurudi na bidhaa za viwandani. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa kugeuka kwa pili, kurudi mashariki, ingawa mji wenyewe haukujua.

Almasi ikaongeza kasi. Uchimbaji mdogo uliporuhusiwa miaka ya 1980, vijana waliacha mashamba ya mpunga wakaingia mashimoni, na maduka ya kununulia almasi yakajipanga mjini, mengi ya Walebanoni. Fedha zilikuwepo, lakini za namna nyingine. Almasi haihitaji tishali, ghala wala karakana, inatoka mfukoni. Mji ukapata matajiri bila kupata wapakuaji.

Machi 1997 jeshi la waasi la Laurent-Désiré Kabila, lililokuwa likipigana na Mobutu, liliingia. Agosti 1998 vita vya pili vilianza, na mto ukafungwa: chini serikali, juu waasi. Mji uliozaliwa kwa sababu ya mto ukawa haufikiki kwa mto. Rwanda na Uganda, washirika waliogeuka mahasimu, zilipigana ndani yake Agosti 1999, Mei 2000, na vibaya zaidi kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Mabomu yalinyesha katikati ya mitaa, raia wakafa kwa mamia. Mnamo tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325, na mfuko wa fidia uitwao FRIVAO ukawekewa makao Kisangani.

Magari yalikwisha, mafuta yalikwisha. Watu wakapanda toleka, baiskeli yenye kiti cha abiria nyuma, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa teksi ya mji. Baiskeli hizohizo zilisukumwa msituni kwa siku nyingi, zikiwa na chumvi na sabuni kwenda, mafuta ya mawese na mchele kurudi. Ukitaka kujua thamani ya barabara, pima jasho la kijana anayesukuma kilo 100 kwenye tope. Aliyelipa jasho hilo, tena, ni mkulima: alipunguziwa bei ya mchele wake na kuongezewa bei ya chumvi yake. Wapo wanaosema ubovu wa njia huwalinda mafundi wa sabuni wa mjini dhidi ya bidhaa za nje. Kwa kiasi fulani ni kweli, ila mlindwa huyo anawauzia watu wasio na fedha.

Mto ulifunguliwa tena mwaka 2003. Matishali yalirudi, na pamoja nayo mashua za mbao zenye injini, zilizojaa kupita kiasi, bila ratiba. Meli kubwa za serikali zilizowahi kuwa na safari za kawaida hazikurudi kuwa zile. Mwishoni mwa muongo huo, kwa mradi wa Pro-Routes uliofadhiliwa na Benki ya Dunia na Uingereza, barabara ya kwenda Beni kupitia Bafwasende, Nia-Nia na Komanda ilifunguliwa, na lori likaweza kufika kutoka mpaka wa Uganda. Pikipiki zikaifuta toleka. Saruji, mabati, simu na nguo za China zinashuka Mombasa, zinapita Kampala na Butembo, zinaishia sokoni Kisangani. Mbao za msituni zinapanda njia hiyohiyo kwa upande wa pili. Mji umegeuka tena kutazama Bahari ya Hindi, zaidi ya karne moja baada ya Tippu Tip, na hii naihesabu kuwa mara ya tatu kwa sababu safari hii haukuuacha mto: unatazama pande mbili, na hakuna iliyo imara. Barabara kati ya Komanda na Beni imeshambuliwa mara nyingi na kundi la waasi la ADF, kiasi kwamba magari yamelazimika kusafiri kwa misafara ya kulindwa.

Watu wameendelea kumiminika hata hivyo, na mji una zaidi ya milioni moja sasa. Hawaji kwa sababu ya bandari. Wanakuja kwa sababu ya chuo kikuu kilichoanza mwaka 1963, hospitali, ofisi za mkoa wa Tshopo uliomegwa kutoka Orientale mwaka 2015, na usalama ambao kijijini haupo. Mji unakua huku ajira za viwanda zikipungua, jambo ambalo vitabu vya Marshall havikulitarajia.

Na ukiongezeka watu, ardhi iliyo karibu hupanda thamani. Lubunga, ng'ambo ya kushoto, hakuna daraja linaloiunganisha na katikati ya mji. Mkulima anavusha magunia yake kwa mtumbwi au kivuko, na gharama ya kuvuka inatoka mfukoni mwake kama ilivyotoka kwa babu yake. Upande huo ndio wenye mashamba yanayoulisha mji kwa mihogo na ndizi. Februari 2023 mgogoro ulizuka huko kati ya Wambole na Walengola juu ya eneo kubwa la ardhi lililotolewa kwa kampuni ya kilimo. Waliouawa walikuwa mamia, vijiji vilichomwa, na maelfu waliokimbia walivuka mto kuingia mjini, wakiyaacha mashamba bila mtu wa kuyavuna.